Asili ya Bei Rahisi

Katika likizo ya Agosti, mwaka juzi, nilikwenda soko la Gikomba mjini Nairobi kutafuta suruali ya kuvaa shambani. Mama mmoja wa makamo alinionyesha suruali ya jinzi ya buluu, akataja shilingi 400. Tulibishana kwa adabu mpaka tukapatana 250. Nilipofika nyumbani na kuikunjua, niliona ya kuwa haikuwa imevaliwa hata siku moja. Ndani ya mfuko wa nyuma kadi ya bei ilikuwa ingali imefungwa kwa uzi wa plastiki. Kadi ile ilikuwa imepigwa chapa bei ya dola 34. Juu ya bei hiyo palibandikwa karatasi nyekundu yenye dola 20. Na juu ya karatasi nyekundu palibandikwa nyingine ya manjano yenye dola 9. Ndani ya kiuno palishonwa kitambaa kidogo kilichosema ya kuwa suruali ile ilitengenezwa Kenya.

Nilipoipeleka darasani, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliicheka sana. Lakini kijana mmoja hakucheka. Alisimama akauliza: "Mwalimu, ikiwa ilishonwa hapa kwetu, kwa nini ilizunguka dunia ndipo ije kuuzwa kwa bei ya kutupa? Na katika safari hiyo yote, hasara ilimwangukia nani?" Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nilimwahidi ya kuwa ningelitafuta, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata. Yanaanza mbali, kwa maana historia ya bei humtaka mtu arudi nyuma kidogo.

Yafaa kwanza tukumbuke ya kuwa zamani nguo mpya za kupunguzwa bei zilikuwa chache mno, kwa sababu nguo za kusazwa hazikuwako. Mtazame fundi wa cherehani akaaye barazani mbele ya duka la vitambaa, kama walivyo mafundi wengi katika miji yetu hata leo. Yeye humpima mtu kwanza, kisha hukata kitambaa, kisha hushona. Na nguo ikiisha, mwenyewe huja kuichukua. Huko Ulaya na Marekani mambo yalikuwa karibu hayo hayo mpaka katikati ya karne ya 19. Tajiri alishonewa na fundi, maskini alishonewa na mkewe au mama yake, na aliyekosa vyote viwili alivaa nguo kuukuu za wengine.

Mwaka 1851 Isaac Singer alipata hati ya serikali ya Marekani ya kuilinda cherehani yake. Hakuwa mtu wa kwanza kubuni cherehani, lakini ndiye aliyeieneza. Miaka kumi baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, vikadumu tangu 1861 hata 1865. Serikali ilihitaji sare za askari maelfu kwa maelfu, na hapakuwa na nafasi ya kumpima kila mmoja. Vipimo vya miili ya askari vikakusanywa na kupangwa kwa makundi, na viwanda vikashona kwa makundi hayo. Vita vilipokwisha, askari walirudi makwao, lakini vipimo vilibaki, na viwanda navyo vikabaki. Tangu hapo nguo nyingi zaidi na zaidi zikawa zashonwa kabla mvaaji hajajulikana.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo letu. Mwenye kiwanda ashonaye nguo ya mtu asiyemjua hana budi kubahatisha: rangi ipi itapendwa, wanene watakuwa wangapi na wembamba wangapi, baridi itakuja mapema au itachelewa. Akibahatisha vibaya, nguo hubaki. Na nguo iliyobaki ni kama samaki wa jana, kila saa ipitayo humzidishia mwenyewe wasiwasi.

Tena ilihitajika bei ya kudumu. Haiwezekani kusema ya kuwa bei imeshuka ikiwa hakuna ajuaye ilikuwa imesimama wapi. A. T. Stewart, aliyefungua duka lake la marumaru mjini New York mwaka 1846, na Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia katika duka la Bon Marché mjini Paris mwaka 1852, walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara waliosifika kwa kuandika bei moja kwa watu wote. Bei ikiisha kuandikwa, yaweza pia kukatwa kwa wino mwekundu, na watu wote wakaona.

Sasa twende Boston, mji mkuu wa jimbo la Massachusetts, maana huko ndiko sanaa ya kuwinda nguo rahisi ilikopata shule yake kubwa. William Filene, Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Posen, iliyokuwa chini ya Prussia, alifungua duka huko mwaka 1881, na wanawe Edward na Lincoln wakaliendeleza. Edward alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa bandari wa Salem, usio mbali na Boston. (Jina hilo la Salem lishike, msomaji, tutalikuta tena.) Alikuwa mtu wa hesabu na mwenye kupenda majaribio. Mwaka 1909 alifungua duka la pili chini ya duka la kwanza, katika orofa iliyo ndani ya ardhi, na kulipa sheria fupi ambayo hata mtoto angeweza kuikariri.

Kila nguo iliyofika ilitiwa kadi yenye bei na tarehe. Kwa siku 12 za kuuza, bei ilisimama. Siku hizo zikipita na nguo ingaliko, robo ya bei iliondolewa. Zikipita siku 6 nyingine, iliondolewa nusu. Zikipita 6 tena, robo tatu. Na kama baada ya siku 30 nguo haijapata mtu, ilitolewa sadaka. Juma la biashara lilikuwa na siku sita. Kwa hiyo koti la dola 20 liliuzwa kwa dola hizo majuma mawili, juma la tatu kwa dola 15, juma la nne kwa dola 10, juma la tano kwa dola 5, kisha likaenda kwa maskini bure. Hapakuwa na meneja wa kuombwa wala karani wa kubembelezwa. Bei ilishuka yenyewe, kama maji yashukavyo mlima.

Wafanyabiashara wengine waliona ya kuwa huo ni wazimu. Nani atakayenunua koti kwa dola 20, walidhani, ikiwa ajua hakika ya kuwa juma la tano litakuwa dola 5? Kwa muda wa miaka kama kumi ilionekana ya kuwa walisema kweli, maana duka lile la chini halikuleta faida. Lakini watu walipoizoea sheria yake, walijifunza jambo ambalo Edward Filene alilitazamia tangu mwanzo. Koti ni moja, na macho yanayolitazama ni mengi. Anayengoja juma la tano hana haki juu ya koti. Mwenzake aweza kuja juma la tatu akalichukua. Basi nguo nyingi ziliuzwa kabla hazijafika mbali katika ngazi ile, na zilizofika kwa maskini zilikuwa chache. Katika miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoanguka, ikawa duka la chini ndilo lililolibeba duka la juu.

Nami naona hapa pana badiliko ambalo vitabu vya biashara hulipita upesi. Sokoni kwetu mnunuzi hushindana na muuzaji. Wawili hao hutazamana uso kwa uso, hulalamika, hutaniana, hutajiana shida za karo na za mvua, na mwisho hukutana mahali. Huko Boston mashindano hayo yalikwisha. Muuzaji alijitoa uwanjani, akaiacha kalenda mahali pake. Na mnunuzi akajikuta anashindana na wanunuzi wenzake asiowajua hata kwa majina. Ulimi mtamu haukumfaa tena. Kilichomfaa ni moyo wa kungoja, na kujua siku ya kuacha kungoja.

Basi watu wakabuni hila. Mtu aliyetamani gauni alilificha chini ya rundo la nguo za namna nyingine, akiomba lisigunduliwe mpaka tarehe ya kupunguzwa ifike. Na wengine, wakijua hila hiyo, walipekua marundo yote bila kuacha. Kwa miaka mingi wanawake hawakuwa na vyumba vya kujaribia nguo, hivyo walijaribu hapo hapo kati ya meza, juu ya nguo walizokuja nazo. Tajiri na maskini walisimama meza moja. Bidhaa zenyewe zilitoka kila mahali palipopatikana msiba wa biashara: maduka yaliyofilisika, viwanda vilivyoshona kupita kiasi, mabaki ya majira yaliyokwisha. Tangu mwaka 1947 paliwekwa siku maalumu za kuuza mavazi ya arusi kwa bei ya chini sana. Wachumba walipiga foleni kabla ya mapambazuko pamoja na mama zao na marafiki zao, na milango ilipofunguliwa walitimua mbio, wakayakumbatia mavazi bila ya kuyatazama, ndipo wakaanza kubadilishana wao kwa wao mpaka kila mmoja apate lililomfaa.

Kabla sijaendelea, yafaa nimtendee haki mtu huyu, maana wengine wataka kumwona Edward Filene kuwa mchuuzi mwerevu tu. Mwaka 1907 alisafiri hadi Bara Hindi, akaona jinsi wakulima wa vijijini walivyoweka fedha zao pamoja na kukopeshana bila kumwendea mla riba. Aliporudi alisaidia kuhimiza sheria ya vyama vya akiba na mikopo katika jimbo la Massachusetts, nayo ikapita mwaka 1909, mwaka ule ule wa duka lake la chini ya ardhi. Baadaye alitoa mali yake nyingi kuvieneza vyama hivyo Marekani nzima, mpaka sheria ya nchi yote ikapitishwa mwaka 1934. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo ambavyo wazazi wenu wengi ni wanachama ni ndugu wa vyama hivyo. Alifariki Paris mwaka 1937.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye kadi ya Filene, pamoja na tarehe yake yote, haikumtaja. Ni yule aliyeshona. Tarehe 25 Machi 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha Triangle mjini New York, kilichoshona blauzi za wanawake katika orofa za juu za jumba refu. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitalia, na wengine waliruka madirishani mbele ya macho ya watu waliosimama barabarani. Msiba huo uliamsha jimbo la New York kutunga sheria nyingi za usalama viwandani, na vyama vya wafanyakazi wa nguo vikapata nguvu. Sisemi ya kuwa blauzi za Triangle ziliuzwa katika duka la Filene. Nataka tu tuone ya kuwa bei rahisi yaweza kutoka katika mabaki, nayo yaweza kutoka katika jasho, na macho ya mnunuzi hayawezi kuzipambanua bei hizo mbili mezani.

Kwa nusu karne baada ya hapo, karibu nguo zote walizonunua Wamarekani zilishonwa Marekani, na aliyetaka nguo njema kwa fedha kidogo hakuwa na budi kutafuta mabaki. Frieda Loehmann alifungua duka lake Brooklyn mwaka 1921. Alikuwa akiwaendea washonaji wakubwa wa New York akinunua kwa fedha taslimu nguo walizoshindwa kuziuza. Alfred Marshall alianza Beverly, jirani na Salem, mwaka 1956. Mwaka 1962 peke yake ulizaa majina matatu makubwa ya maduka ya bei ya chini: Walmart, Kmart na Target. Sheria ya mwaka 1937 ilikuwa imewaruhusu watengenezaji kuwakataza wenye maduka kuuza chini ya bei waliyopanga wao. Ilipofutwa mwaka 1975, mlango uliokuwa nusu wazi ukafunguka wote. Duka la kwanza la T.J. Maxx lilifunguliwa mwaka 1977, katika jimbo lile lile la Massachusetts.

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Duka moja la chini ya ardhi laweza kuishi kwa makosa ya watu wengine, kwa maana makosa hayakosekani. Lakini kampuni yenye mamia ya maduka haiwezi kungoja mpaka wengine wafilisike ndipo ipate bidhaa. Jawabu lililopatikana katika sehemu kubwa ya biashara hii ni kuyashona mabaki makusudi. Viwanda viliagizwa kushona nguo ambazo tangu siku ya kwanza zilikusudiwa kwa maduka ya bei ya chini, kwa kitambaa chepesi zaidi na mishono michache zaidi, kisha zikatiwa kadi yenye bei kubwa iliyokatwa na bei ndogo iliyoandikwa chini yake. Mwaka 2014 wajumbe wanne wa Bunge la Marekani waliiandikia tume ya biashara ya nchi yao wakiitaka ichunguze kama wanunuzi hawadanganywi na bei hizo za kulinganishwa. Kalenda ya Filene ilikuwa ngumu, lakini ilisema kweli: koti la dola 20 lilikuwa limekwisha kukaa mezani kwa dola 20.

Je, wanunuzi hawakuona? Nadhani wengi waliona, na hawakujali sana. Mwaka 2012 kampuni ya JCPenney ilijaribu kuondoa kuponi na mapunguzo yote, ikaweka bei moja ya chini ya kila siku. Wateja waliikimbia, mauzo ya mwaka ule yalianguka kwa kadiri ya robo, na mwaka 2013 mkuu wa kampuni aliondoka. Watu walikuwa wamepewa bei njema wakanyimwa mawindo. Mwindaji hapendi kuletewa nyama mlangoni.

Bei ikiwa imekwisha kupangwa kuwa ndogo kabla nguo haijashonwa, lazima pawepo mahali pa kuipunguzia. Pamba ina bei yake katika soko la dunia. Meli ina nauli yake. Kodi ya duka haina huruma. Palipobaki laini pa kubonyeza ni ujira wa mshonaji na usalama wa nyumba ashoneamo. Kwa hiyo kazi ikahama kutoka New York, ikaenda nchi kwa nchi, hata ikafika Bangladesh. Huko, katika Savar karibu na Dhaka, palikuwa na jumba la orofa nane liitwalo Rana Plaza. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika kuta zake. Benki iliyokuwa chini iliwaondoa watu wake. Washonaji wa orofa za juu waliamriwa warudi kazini asubuhi iliyofuata. Jumba likaanguka. Waliokufa ni zaidi ya watu 1,100. Miongoni mwa kampuni zilizoshonewa nguo humo ilikuwamo Primark, yenye asili yake Ireland. Ilikiri, na ilikuwa miongoni mwa zilizolipa fidia.

Sasa sikilizeni lililotokea Boston. Duka la chini ya ardhi la Filene lilifungwa mwaka 2007 ili jumba litengenezwe upya, na kampuni iliyorithi jina lake ikafilisika, ikafunga maduka yake ya mwisho Desemba 2011. Jumba la zamani lilibaki limesimama. Mwaka 2015 alifunguliwa humo mpangaji mpya, akiuza nguo za bei ya chini mno: lilikuwa duka la kwanza la Primark katika nchi ya Marekani. Kuta zilikuwa zile zile, hata wawindaji nadhani walikuwa watoto na wajukuu wa wale wale. Lakini rahisi ya juu haikuwa tena rahisi ya chini. Ya chini ilizaliwa nguo ilipokosa bahati, na ya juu ilikuwa imekwisha kukatwa kabla sindano haijagusa kitambaa.

Nirudi kwetu. Pwani yetu ilijua nguo za Massachusetts kabla ya Filene kuzaliwa. Tangu miaka ya 1830 merikebu za Salem, mji ule niliowaambia mushike jina lake, zilileta Unguja kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, zikachukua pembe za ndovu na sandarusi. Kitambaa hicho ndicho merikani, nacho kilifika bara hata kikatumika mahali pa fedha. Vita vya 1861 vilipoikata pamba ya Marekani, vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikachukua nafasi yake.

Baada ya Uhuru nchi yetu ilijijengea viwanda vyake. Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha pamba, na Rivatex ilianzishwa Eldoret mwaka 1976. Katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, marobota ya mitumba yakamiminika, na viwanda vikazorota kimoja baada ya kimoja. Rivatex yenyewe ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Wako wasemao ya kuwa mitumba peke yake ndiyo iliyoviua. Mimi sikubali kabisa. Wakulima wa pamba walicheleweshewa malipo mpaka wakang'oa mimea yao, mitambo ilizeeka, na nguo mpya za rahisi kutoka Asia nazo ziliingia. Hata hivyo, mtu hawezi kukana ya kuwa ni vigumu kuuza shati jipya mbele ya shati la shilingi 50.

Wakati huo huo tulianza kuwashonea wengine. Sheria yetu ya mwaka 1990 iliruhusu maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, kama lile la Athi River. Na sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliruhusu nguo za nchi nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Maelfu ya Wakenya, wengi wao wanawake, wakapata kazi ya kushona suruali na mashati ya maduka ya Marekani. Mwaka 2016 nchi za Afrika ya Mashariki zilipatana kuyaondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani wa nguo kuukuu walilalamika, na nchi zetu zikakumbushwa ya kuwa ile ruhusa ya kuuza bila ushuru yaweza kuondolewa. Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilisimama imara, na mwaka 2018 ikanyimwa ruhusa hiyo kwa nguo zake.

Basi njia ya suruali yangu yaonekana hivi. Dada mmoja aliishona nchini kwetu akalipwa ujira wake. Ilivuka bahari, ikapachikwa dola 34, kisha 20, kisha 9, na hata kwa 9 haikupata mtu. Nguo isiyouzwa huko mara nyingi hutolewa sadaka. Vyama vya sadaka huwa na nguo nyingi kuliko viwezavyo kugawa au kuuza, navyo huwauzia wachambuzi wa jumla, ambao huzifunga katika marobota na kuyapakia merikebuni kuja bandari ya Mombasa. Siku ya 31 ya Edward Filene haikuwa mwisho wa ngazi. Vidato vingine vilikuwa huku.

Katika likizo ya Desemba nilikwenda tena Gikomba kumtafuta yule mama, nikamkuta meza ile ile, akifungua robota. Alilinunua likiwa limefungwa, uzito wa kilo 45, bila kuruhusiwa kutazama ndani. Alipokata kamba, vijana waliokuwa wakingoja walisogea. Za kwanza, zile wanazoziita kamera, alizishika mwenyewe mkononi na kuziuza ghali kwa wenye maduka. Zilizobaki aliziweka mezani kwa bei ya kati; zilipopungua akashusha, na jioni alizimwaga chini juu ya turubai, bei ya fagia, kila moja shilingi 30. Yote niliyoyasoma juu ya Boston niliyaona kwa siku moja, bila kadi wala kalenda. Ila hapa pengo la hesabu lilikuwa mfukoni mwake yeye. Theluthi ya robota ilikuwa makoti mazito ya theluji, na Nairobi haina theluji. Nilipomwuliza kama atapata faida, alisema ya kuwa robota hili litarudisha fedha zake tu. Faida, Mungu akipenda, iko katika lijalo.

Nilimweleza kisa cha ile suruali, jinsi ilivyokuwa mpya kabisa na kadi yake ndani ya mfuko, na jinsi ilivyoshonwa hapa hapa Kenya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono yake kwa leso.

"Kumbe ilikuwa mpya, mwalimu," akasema. "Basi leo umekuja kunilipa zile mia na hamsini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikazitoa.